Mshale wa Kurudi

Vijana wa maabara, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi, na mmesema niandike kwa mpangilio. Hilo la mpangilio litakuwa gumu kidogo, kwa kuwa kabla ya kufika kwenye maabara hiyo sikuwahi kukaa mahali pamoja mpaka viatu vikachakaa. Habari za vyeo nitaziruka. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo, preparateri, yaani mtu anayeandaa vifaa kabla ya somo na kuviosha baada ya somo, na nimestaafu nacho kikiwa bado kizima. Mshahara nao nauruka, kama wenyewe ulivyozoea kuniruka.

Shule niliiacha darasa la tano la msingi. Mwalimu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la lori. Lilipita mbele ya shule likielekea Lubutu, nikataka kuona ile barabara inakoishia. Lubutu niliuza samaki wa kukaushwa mpaka nikajua samaki wote. Kalima nilichimba kasiterite, yale mawe ya bati, nikawa mchimbaji mbaya kuliko wote kwenye shimo letu, maana wenzangu walikuwa wanaosha mchanga na mimi nilikuwa nageuza mawe kutazama mistari yake. Kampene nilikaa msimu mmoja. Nikarudi kwetu Kindu nikabeba magunia kituo cha treni, kisha nikaendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Kila kazi niliiacha siku nilipoielewa. Kazi ya seli sijaimaliza kuielewa mpaka leo, ndiyo sababu ilinishika.

Niliingia maabara nikiwa na abiria. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, ameketi nyuma ya baiskeli yangu amekumbatia sanduku la mbao kama anavyokumbatiwa mtoto mgonjwa. Huyo ndiye Mama Ngalula. Wazazi wake walitoka Kasai, baba yake alikuwa fundi wa reli, lakini yeye alizaliwa hapa Kindu, akasoma biolojia Lubumbashi, akarudi kuongoza maabara ya chuo chetu cha afya. Kwa mashimo yote ya njiani alinilaumu mimi. Tulipofika aliniambia nibebe sanduku mpaka ndani, niliweke mezani, nisiguse kitu. Akaenda kutafuta nauli. Aliporudi alinikuta nimeinama, jicho kwenye kioo cha hadubini iliyosimama mezani.

“Weye mwenye kinga, nilikuambia nini?” Kinga ndivyo tunavyoiita baiskeli.

“Ulisema nisiguse, Mama. Haukusema nisiangalie.”

“Na umeona nini?”

“Majani meusi. Inachezacheza.”

“Ile ni kope zako, mujinga weye.”

Hakuna mtu ambaye hakuona kope zake kwanza. Hata nyinyi, msijifanye. Mama Ngalula alicheka mpaka akashika meza, kisha akachuna ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, akaitandaza juu ya kioo, akageuza kioo cha chini ya hadubini kikutane na mwanga wa dirisha. Niliona vyumba. Vyumba vingi vimepangwa kama matofali, kila kimoja na ukuta wake.

“Nani anakaa mule ndani?” nikauliza.

“Rudi kesho.”

Nilirudi kesho yake. Alinipa ndoo na vioo vichafu vya kujaza beseni. Abiria wangu wa asubuhi walitafuta toleka nyingine.

Niwaambie kuhusu vifaa, maana nyinyi mmekuta taa za jua na kompyuta inayoonyesha seli ukutani kama sinema. Sisi tulikuwa na hadubini za kioo, zisizo na taa. Mwanga wake ulikuwa jua. Kukiwa na mawingu, somo linasogea dirishani. Mvua ikinyesha, somo linakuwa la kuongea. Kioo cha kuwekea sampuli, ambacho tunakiita lamu, kinaoshwa kwa sabuni, kinasuuzwa, kinafutwa kwa kitambaa cha pamba kilichochakaa. Kitambaa kipya kinaacha nyuzi, na mwanafunzi atauchora uzi huo kwa makini akisema ni minyoo. Rangi ya bluu inachujwa kila mara kabla ya kutumiwa. Usipoichuja utaona madoa, na daktari kijana atayaita malaria.

Wakati wa vita vifaa vilipokwisha tulijaribu kila kitu, na nawaandikia matokeo ili msipoteze muda. Mafuta ya mawese hayafai kwenye lenzi kubwa. Yanaganda na kuacha ukungu. Gliserini ya famasia inafaa kwa shida. Lotoko, ile pombe kali ya mihogo na mahindi, inawaka vizuri kwenye taa ya maabara, lakini ina maji ndani yake, na ukikausha damu kwa lotoko seli nyekundu zinaharibika zote. Tena harufu yake inaleta wageni ambao hawakuandikishwa kwenye chuo.

Mama Ngalula hakunifundisha siku moja. Alinifundisha nikiosha. Mimi namwaga maji, yeye anasahihisha kazi za wanafunzi, na swali langu moja linamfanya aache kalamu. Ndivyo nilivyojua kwamba ndani ya kile chumba nilichokiona kuna vyumba vingine ambavyo hadubini yetu haiwezi kuvionyesha. Kuna retikulumu, mtandao wa mifuko bapa na mirija, na hapo protini nyingi zinatengenezwa na kukunjwa. Zipo zinazoelea ndani ya mifuko hiyo, na zipo zilizochomekwa kwenye utando wenyewe, kama msumari uliopita ubao: kichwa ndani, mkia nje. Kutoka retikulumu vifuko vidogo vinachomoka vikiwa na mzigo na kwenda Golgi, rundo jingine la mifuko, ambako mzigo unakamilishwa na kupangwa: huu uende ukingoni mwa seli, huu uende kwingine.

Niliyapenda hayo kwa sababu niliwahi kubeba magunia. Mtu aliyefanya kazi stesheni hahitaji kushawishiwa kwamba kupanga mizigo ni kazi ya akili.

Somo la seli lenyewe halikuwa la Mama Ngalula. Lilikuwa la Profesa aliyekuja kwa ndege kutoka Kisangani mara moja kwa mwaka, akafundisha asubuhi na alasiri mpaka sauti ikakauka, akafanya mtihani, akaondoka. Kwenye maelezo yake kulikuwa na mchoro mmoja. Mishale ilitoka retikulumu kwenda Golgi, na Golgi kwenda ukingoni. Halafu kulikuwa na mshale mmoja mwembamba ulioelekea kinyume, kutoka Golgi kurudi retikulumu, bila neno lolote. Huo Profesa aliueleza kwa mdomo, siku ya mwisho, na siku za mwisho mimi nilikuwa nje nikifunga masanduku yake.

Ndipo vita vikaja. Treni haikuonekana tena. Ndege ikawa ya wenye bunduki. Kisangani ikawa mbali kama nchi nyingine, Profesa akabaki huko, na wanafunzi wakasoma kwa maelezo yake tu.

Sitaandika mengi juu ya miaka hiyo, walioiona wanaijua. Nitaandika jambo moja ambalo ninajivunia na sitaomba radhi kwa kujivunia: hakuna somo la vitendo lililovunjwa kwa sababu preparateri hakufika. Kuna siku nilipita kwenye migomba, kuna siku nilibeba hadubini kwenye kikapu chini ya sombe, majani ya muhogo, ili isipendwe na mtu njiani. Lakini wanafunzi walipoingia, vioo vilikuwa mezani, vimeng’aa.

Nao wanafunzi walikuja. Mmoja wao alikuwa Zawadi, kutoka Kabambare. Hakuwa msichana, alikuwa mama wa watoto wawili, aliyefanya kazi zahanati miaka kadhaa kabla ya kupata nafasi kwetu. Watoto aliwaacha kwa mama yake, akiamini atawaona kila likizo. Mdogo alikuwa bado ananyonya. Barabara ikafungwa, na likizo zikapita moja baada ya nyingine. Zawadi hakuwa analia mbele ya watu. Alikuwa anafunga kanga yake kwa nguvu, anakaa mbele, anauliza.

Njia zilipoanza kufunguka habari mbili zilifika pamoja. Ya kwanza ilikuwa nzuri: Profesa yuko hai na anakuja. Ya pili ilikuwa mbaya. Wakubwa wa elimu walisema masomo ya wakati wa vita yatapimwa, na somo la seli litapimwa kuliko yote, kwa kuwa lilifundishwa bila mwenyewe. Profesa atawauliza wanafunzi kwa mdomo. Akiona hawakufundishwa vya kutosha, mwaka utafutwa kwa wote, na wote wataanza upya.

Zawadi alikuja dirishani nilipokuwa naosha.

“Papa Rama,” akasema, maana jina langu ni Ramazani, “mwaka ukifutwa, mi sitaweza kurudia.”

“Utaweza. Weye unajua kuliko wale wote.”

“Hapana kujua. Ni watoto. Mwaka mumoja tena, ule mudogo hatanijua kabisa. Nitaacha masomo, nirudi Kabambare. Nimeisha kuamua.”

Nilimwambia Mama Ngalula, naye akafunga mlango wa ofisi kwa muda, halafu akafungua akasema kwa ile sauti yake: “Tufundishe ule mushale wa kurudi, wenye hauna maneno.”

Yeye alikuwa ameusoma Lubumbashi katika mwaka wake wa mwisho, wakati habari zenyewe zilikuwa bado mpya, na hakuwahi kuufundisha kwa sababu halikuwa somo lake. Alisema ubaoni hautaingia. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia nina ua mkubwa, majivu ya kuchorea na bidoni tupu.

Hapa lazima nieleze desturi ya bidoni, yaani madumu ya plastiki, kwa wale waliokuja Kindu juzi. Mafuta ya mawese yanatoka ng’ambo ya mto, upande wa Alunguli, katika bidoni za manjano. Mwenye mafuta mara nyingi havuki. Anampa mpiga kasia bidoni zake, mafuta yanamiminwa sokoni upande huu, na bidoni tupu zinarudi kwa pirogi yoyote, yaani mtumbwi, inayovuka. Hazipotei, kwa sababu kila nyumba inafunga kitambaa chake kwenye mkono wa bidoni, chekundu kwa hawa, chenye maua kwa wale, na wapiga kasia wanavijua vitambaa vyote. Hawafungui kifuniko wala hawaulizi. Wanatazama mkono wa bidoni na kuitupa kwenye pirogi inayostahili.

Tulichora kwa majivu. Upande wa baraza ulikuwa retikulumu, upande wa tangi la maji ulikuwa Golgi, na geti la chuo ndio ukingo wa seli. Bidoni zilikuwa protini za utando. Nyingine zilipaswa kuendelea mpaka getini. Nyingine zilikuwa za nyumbani: kazi yake iko retikulumu, lakini msongamano wa vifuko vinavyochomoka unazibeba kwa bahati mbaya mpaka Golgi. Hizo ndizo za kurudishwa. Mama Ngalula aligawa wanafunzi. Wengine walikuwa wa kutengeneza, wengine wabebaji. Aliwapa watengenezaji vitambaa vyekundu wazitie alama zile za nyumbani.

“Na mubebaji hafungue kitu,” akasema. “Anaona inje tu. Tumesikilizana?”

“Tumesikilizana, Mama!”

Kazi ikaanza. Bidoni zilivuka ua mpaka kwenye tangi. Wabebaji walizizunguka, wakazigeuza, wakatazamana. Zote zilikuwa sawa. Mmoja akabeba ya kwanza getini, wa pili akamfuata, na muda si mrefu bidoni zote zilikuwa zimepangwa getini na barazani amebaki Zawadi peke yake na kikombe cha maji.

“Retikulumu iko wapi?” Mama Ngalula akauliza.

“Njo mimi,” Zawadi akajibu. Njo ni ndio ya kwetu.

“Basi seli yenu imekufa. Muizike mbele ya chakula.”

Nikafungua kifuniko cha bidoni moja. Kitambaa chekundu kilikuwa ndani, kimesokotwa vizuri chini ya kifuniko. Nikafungua nyingine, vilevile. Watengenezaji hawakufanya mzaha. Walifanya walivyozoea. Wakati wa vita wenye bunduki waliosimama bandarini nao walijifunza kusoma vitambaa. Wakajua kitambaa fulani ni cha nyumba yenye mafuta mengi, na usiku nyumba hiyo ikagongwa. Basi watu wa Alunguli walihamishia alama chini ya vifuniko. Wapiga kasia hawakuziona tena, na bidoni zikaanza kutawanyika, za huyu kwa yule, nyingine hazikuonekana kabisa. Wanafunzi wetu walikuwa wamekulia katika mazoea hayo. Mikono yao ilificha alama bila kuuliza kichwa.

Tulicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe, kila mtu akiwa na bandari yake kichwani. Mama Ngalula akainua bidoni moja.

“Sasa musikie,” akasema. “Koti lenye kufunga vifuko vya kurudi linajijenga inje ya utando. Halina macho ya kuona ndani. Kwa hiyo protini ya nyumbani inaacha mukia wake inje, na alama iko kwenye mukia. Alama yenyewe ni lisini mbili, karibu kabisa na ncha. Uzisogeze mbali na ncha, koti halizisome, protini inaenda mpaka getini.”

Lisini, kwa msiosoma bado sura hiyo, ni mojawapo ya punje zinazoungwa kutengeneza protini. Punje mbili tu mahali pake, na mzigo mzima unajulikana kwao ni wapi.

Tukarudia zoezi, vitambaa vikiwa mkononi mwa bidoni. Safari hii wabebaji hawakusita. Zenye nyekundu zilirudi barazani, nyingine zilikwenda getini, na mtu mmoja akapiga mluzi wa wapiga kasia. Lakini Zawadi hakuridhika.

“Mama, na vile vyenye kuelea ndani ya mufuko, havina mukia inje. Vyenyewe vinarudije?”

“Papa Rama, leta gunia,” akasema Mama Ngalula.

Alinisimamisha katikati ya ua, mkono mmoja nimeuingiza ndani ya gunia, mwingine nje. Ndani ya gunia alitia kikombe nikishike. Akaeleza kwamba protini inayoelea ina alama yake kwenye ncha vilevile, lakini inahitaji dalali: protini nyingine iliyopita kwenye utando, yenye mkono ndani wa kushika na mkono nje wa kujionyesha kwa koti. Golgi kuna uchachu uliozidi kidogo, na dalali anabana. Nyumbani uchachu unapungua, naye anaachia, kisha anaondoka tena kwenda kutafuta mwingine.

“Bana, Papa Rama! Hapa kuna ndimu!” wanafunzi wakapiga kelele. Nikabana. Wakanisukuma mpaka barazani, gunia na mimi. “Achia! Umefika!” Nikaachia kikombe. Sijawahi kupigiwa makofi hivyo maishani, na nilikuwa nimeangusha kikombe tu.

Profesa alifika amekonda, nywele zimebadilika rangi, lakini kalamu zake nne bado mfukoni. Aliwasalimu Mama Ngalula na mimi kwa mikono miwili, akauliza waliofariki, akasema tuanze. Mimi nilikuwa chumbani kwa sababu nilikuwa naleta maji na kutengeneza mwanga wa hadubini. Mama Ngalula alikaa nyuma kabisa, mikono kwenye mapaja.

Mtihani ulikuwa kwa Kifaransa. Wengi walijibu vizuri, wengine walijibu kama watu wanaovuka mto kwa mawe, lakini walivuka. Kisha Profesa alichora ule mchoro wake ubaoni, mishale yote, na akafuta mshale wa kurudi kwa kidole. Akauliza: huu ukikatika, ni kitu gani kitakwama kwanza?

Mwanafunzi wa kwanza alisema retikulumu itapoteza wafanyakazi wake. Wa pili akasema hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi. Profesa alitikisa kichwa kwa upole bila kuandika. Nilianza kuogopa. Hilo hatukulifundisha. Tulifundisha jinsi mzigo unavyorudi. Hatukufundisha nini kinatokea usiporudi.

Wa tatu alikuwa Zawadi. Alisimama, akautazama ubao muda mrefu mpaka Profesa akainua macho.

“Mama, tunakungoja.”

Akaomba aruhusiwe kusema kwa Kiswahili.

“Sema,” Profesa akajibu kwa Kiswahili cha Kisangani. “Hata kwa mikono, kama itasaidia.”

“Profesa, wakati wa vita, Alunguli mafuta haikukosa,” Zawadi akaanza. “Ilikuwa inajaa masufuria, inajaa mabeseni, watu wakakosa pa kuiweka. Na huku Kindu tulikuwa tunakula sombe bila mafuta. Ngazi zilikuwa, pirogi zilikuwa. Bidoni njo hazikurudi. Sasa ile seli, kuna vitu vyenye kushika muzigo wakati wa kwenda, na vingine vyenye kufungia kifuko kule kinafika. Vyenyewe navyo vinavuka pamoja na muzigo. Vikibaki ng’ambo, kesho hakuna cha kubebea. Kwa hiyo mi nasema, kitakwama kwanza ni kwenda. Ule mushale wa kwenda haujaguswa, lakini utakwama.”

Ngazi ndizo michikichi, kwa wasiotoka kwetu.

Profesa aliweka chini kalamu. “Nani amekufundisha hilo?”

“Hili halikufundishwa, Profesa. Nilifundishwa mushale. Hili nimelifikiri hapa sasa.”

“Ndivyo ilivyotokea kwenye seli za hamira,” Profesa akasema, na sasa alikuwa anaongea na chumba chote. “Watu waliharibu koti la kurudi, wakakuta na kwenda kumesimama. Walibishana sana kabla ya kukubaliana sababu.” Akamgeukia Mama Ngalula. “Ngalula, umewafundisha kufikiri. Mimi nilikuwa nawafundisha mchoro.”

“Tulifanya ua mutupu na bidoni,” Mama Ngalula akasema. “Na Papa Rama ndani ya gunia.”

Profesa aliomba kuona. Tulitoka wote, na mtu mzima mwenye kalamu nne alibeba bidoni ya kitambaa chekundu kutoka kwenye tangi mpaka barazani, akauliza kama amefika nyumbani, na wanafunzi wakamjibu kwa sauti moja kwamba amefika.

Kisha akajifungia ofisini kuandika. Hatukula. Wanafunzi walikaa kwenye kivuli cha ukuta, na hakuna aliyetania. Zawadi alikaa mbali kidogo, akifungua na kufunga ncha ya kanga. Nilijua anachopanga: kama jibu ni baya, ataondoka kesho alfajiri na wafanyabiashara wa baiskeli wa kwenda kwao, na chuo hakitamwona tena. Mlango ulipofunguka Profesa alisimama barazani, mahali tulipochora retikulumu kwa majivu, akasema bila utangulizi:

“Mwaka wenu haufutwi, mmepita. Wote.”

Walimnyanyua Mama Ngalula, wakamkalisha nyuma ya baiskeli yangu, wakamzungusha ua mzima, naye akiwatukana kwa Kiluba na Kiswahili na Kifaransa, asipungukiwe na neno katika lugha yoyote. Zawadi hakuwa kati yao. Alikuwa tayari getini, ameshika usukani wa baiskeli ya mfanyabiashara mmoja, anamwambia polepole jina la mama yake, jina la kijiji, na ujumbe: nimemaliza masomo, wauguzi wanahitajika hospitali, nimebaki Kindu, waleteni watoto.

Siku hizi ninaulizwa kama niliwahi kuuona huo mshale kwa macho. Hapana. Hadubini zetu hazikuuonyesha, na hata zile mnazotumia sasa hazitauonyesha. Nimefundisha na kusafisha miaka yangu yote karibu na kitu nisichokiona, na nina hakika nacho kuliko mambo mengi niliyoyaona. Hilo ndilo ninalowaachia kuhusu kazi ya maabara, pamoja na lile la kitambaa cha pamba.

Tukirudi kwa Zawadi: mama yake alifika na watoto baada ya mvua kupungua, juu ya lori la mchele, alasiri, wakati natayarisha somo la kesho. Aliwaleta moja kwa moja chuoni kwa sababu hakujua nyumba. Zawadi alikuja mbio kutoka hospitali. Mkubwa alimtambua kutoka mbali, akamrukia, akaning’inia shingoni. Mdogo, ambaye sasa alikuwa na meno yote na maneno yote, alishika kitenge cha bibi yake na kumtazama Zawadi kama watoto wanavyomtazama mtu mwenye sindano.

“Enda,” bibi akasema, akimsukuma begani. “Njo mama yako.”

“Usimusukume, Mama,” Zawadi akasema. “Mumuache.”

Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka kando. Akakaa kwenye ngazi ya baraza na kuanza kumuuliza mkubwa habari za safari, za lori, za mbuzi, bila kumtazama yule mwingine. Mimi nilikuwa dirishani na beseni langu. Vioo vilikuwa safi tayari; niliendelea kuviosha. Mtoto aliachia kitenge. Alipita ukutani, akagusa tangi, akaja mpaka dirishani kwangu, akatazama ndoo, akanitazama mimi, nami nikajifanya sina habari. Kisha akaenda kwenye ngazi, akakaa, akiacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mama yake. Zawadi aliendelea kuuliza habari za mbuzi. Mtoto akasogea. Akasogea tena. Akaegemeza kichwa mkononi mwa mama yake, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiti asichokijua.

Nilikuwa nimeshika ndoo iliyojaa. Niliimimina polepole, pembeni mwa ukuta, ili maji yasitoe sauti.